Sifuri Aliyopewa Akeyo

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kumpikia mdogo wake uji, Akeyo alitoka nyumbani kwao Lindi, sehemu ya mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, akawahi shuleni kabla ya gwaride. Mwalimu Filister aliwafundisha hesabu wale waliofika mapema. Siku hizo walikuwa wakitafuta nambari zilizofichwa, zilizopangwa kwenye mstari, wakiwa wamepewa tu jumla za kila moja na jirani zake.

"Anzeni juu," mwalimu alisema. "Ondoeni moja, kisha inayofuata. Mkifika chini, mtarudi mkizipata zote."

Jumamosi moja walikwenda kwenye mashindano ya hesabu Kawangware 46, mtaa mwingine wa Nairobi. Akeyo aliketi karibu na Njambi, mwanafunzi wa shule iliyowakaribisha. Swali la mwisho lilikuwa na nambari nne. Ya kwanza na ya pili, zikijumlishwa, zilifanya tano. Ya kwanza, ya pili na ya tatu, tisa. Ya pili, ya tatu na ya nne, kumi na tatu. Ya tatu na ya nne, kumi.

Akeyo alimaliza kwa mistari michache. Alipomwona Njambi akichungulia aliifunika karatasi yake, lakini alikuwa amechelewa.

Matokeo yaliposomwa, Njambi alikuwa wa kwanza. Akeyo alipewa sifuri.

"Kazi zenu zinafanana neno kwa neno," alisema Mwalimu Muchiri, aliyesahihisha. "Akeyo, umenakili."

"Si mimi, Mwalimu."

"Njia hii ni ya sekondari. Huko Lindi ungefundishwa na nani?"

Baadhi ya wanafunzi walicheka. Akeyo alisimama.

"Kaa chini," Muchiri akasema.

"Nitakaa ukishaniuliza nilivyofanya, Mwalimu."

Mwalimu Filister alisimama. "Waulize wote wawili. Kwa nini walitoa mstari wa kwanza kutoka kwa wa pili?"

Njambi alitazama karatasi yake, akatikisa kichwa.

"Kwa sababu tano ni ya kwanza na ya pili pamoja," Akeyo alijibu. "Nikitoa tano kutoka kwa tisa, hizo mbili zinaondoka, inabaki ya tatu, ambayo ni nne. Ya tatu na ya nne ni kumi, kwa hivyo ya nne ni sita. Narudi kwa kumi na tatu, natoa hiyo kumi, napata ya pili ni tatu. Ya kwanza basi ni mbili."



"Ni kazi ya Akeyo," Njambi akasema, macho yakiwa chini. "Mimi ndiye niliyekopi. Niliogopa kuaibisha shule yetu."

Muchiri alimpa Akeyo alama zake na zawadi ya kwanza. "Nimekukosea," alisema. "Samahani." Akeyo alimpa mkono, ila hakutabasamu.

Mwalimu Filister aliwageukia wanafunzi. "Jibu linaweza kuibwa kwa jicho," alisema, "lakini kuelewa hakuibiki. Kunatafutwa kwa bidii." Kisha akamtazama Muchiri. "Na sisi walimu tusikie. Kumnyima mtoto haki yake kwa sababu ya mtaa anaotoka ni wizi pia, tena mbaya kuliko wa Njambi, maana yeye ni mtoto na ameungama."