Baba wa Tulia Hayuko Ufaransa

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Tulia aliamshwa na harufu ya chai ya tangawizi. Bibi Laurencia alikuwa ameamka zamani, kajifunga khanga juu ya sweta mbili, anakaanga maandazi. Tangu aje kutoka Bukoba, ile fleti yao ndogo ya Columbia Heights, huko Marekani, haikukosa chakula wala kitendawili.

"Mke mwenzangu, umeamka?" Bibi aliita kutoka jikoni. "Haya, kitendawili!"

"Tega," Tulia alijibu huku akipiga miayo.

"Mnatazamana kutwa nzima. Wewe unachoka, yeye hapepesi hata jicho."

"Saa?"

"Saa ina jicho? Nipe mji."

"Chukua Dar es Salaam."

"Dar es Salaam nimekwenda, nimekula samaki wao wote, nimerudi. Jibu lake ni picha! Leo si tunakwenda kutazama picha?"

Tulia akacheka, mara akaacha. Alikuwa amesahau kwamba Bibi naye anakwenda. Mwalimu alikuwa ameomba watu wazima wa kuwasindikiza wanafunzi makumbusho. Mama yake Tulia, Verediana, alikuwa zamu hospitalini, mjini Saint Paul, basi Bibi akajitolea.

"Bibi, huko nje kuna baridi sana," Tulia alisema. "Ungebaki tu ukapumzika."

"Nitapumzika nini, nimepigana na nani? Kula, tusichelewe."

Tulia hakuogopa baridi. Aliogopa uongo wake.

Baba yake, Damas, alifariki majira ya baridi yaliyopita, maji ya maziwa yote ya mji yakiwa yameganda kuwa barafu. Aliugua ghafla, akalazwa, asirudi tena nyumbani. Mwili ulisafirishwa kwenda kuzikwa Bukoba, lakini Tulia na mama yake hawakuweza kwenda, kwa sababu vibali vyao vya kusafiria vilikuwa havijakamilika. Pale uwanja wa ndege mama alimkumbatia akamwambia, "Usilie, mwanangu. Baba ametangulia." Baada ya msiba wakahama kutoka Woodbury kuja Columbia Heights, na Tulia akaanza shule mpya ambako hakuna aliyemfahamu baba yake.

Siku ya kwanza, Mwalimu Davis aliwataka watoto waeleze habari za nyumbani kwao. Tulia alizungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni. Akalichukua neno la mama yake akaligeuza Kiingereza vilevile lilivyo, kwamba baba ametangulia. Kwa Kiingereza likasikika kama habari ya mtu aliyewahi safari.

"Ametangulia wapi?" Mwalimu aliuliza kwa furaha.

Darasa zima likamgeukia. Tulia alifungua mdomo aseme ukweli, lakini lile neno jingine, zito, halikutoka. Ukutani palikuwa na bango la jumba la mawe lenye minara, tena chini yake pameandikwa Ufaransa.

"Ufaransa," akasema. "Anafanya kazi kwenye jumba lile pale."

Uongo ule haukukaa kimya. Kila wiki ulidai chakula. Keziah, msichana Mkenya aliyekaa naye dawati moja, alitaka kujua Baba anakula nini huko, analala wapi, ameshajua Kifaransa. Tulia akawa anabuni majibu, hata kwamba Baba anapanguza vumbi picha za humo, na usiku analia chini ya blanketi bila kujua kama anamlilia baba au anaulilia uongo.

Hatimaye picha zilizotunzwa ndani ya jumba lile zikaja zenyewe. Lilikuwa jumba la kale la askofu mkuu katika mji mmoja mdogo wa kusini mwa Ufaransa, nalo siku hizi ni makumbusho ya sanaa ya mkoa wao. Kwa kuwa lilikuwa likikarabatiwa, picha zake zililetwa zikae kwa muda katika makumbusho ya Minneapolis. Mwalimu Davis aliposikia hivyo, hakutaka darasa lake likose.

Ndani ya basi la shule Keziah hakunyamaza. "Aki Tulia, na babako hakukuja na hizi picha? Si wangemleta tu kwa ndege, awe akizipanguza vumbi njiani!"

Watoto waliomwelewa wakacheka. Tulia akageuza uso dirishani, akatazama theluji. Mbele, Bibi alikuwa ameketi na Mwalimu Davis. Hawakuwa na lugha ya pamoja, basi walikuwa wakipeana maandazi na tabasamu.

Mlangoni mwa maonyesho palitundikwa picha kubwa ya lile jumba: kuta nene, ngazi pana, madirisha marefu kama milango.

"Dirisha la babako ni gani?" Keziah aliuliza.

Tulia akanyoosha kidole kwenye dirisha mojawapo. 

Chumba cha ndani kilipakwa rangi nyekundu iliyoiva, kama vyumba vya jumba lenyewe. Mfanyakazi mmoja wa makumbusho aliwasimamisha mbele ya picha ya familia. Katika picha hiyo mama na watoto walikuwa wameketi mezani, na baba amesimama nyuma yao, ameshika mshumaa uliozimika.

"Huyu baba alikuwa amekwisha kufa picha hii ilipochorwa," yule mfanyakazi alieleza. "Mkewe aliomba achorwe pamoja nao, lakini mchoraji hakutaka kudanganya watu. Ndiyo maana mshumaa wake hauwaki."

Tulia akarudi nyuma hatua moja. Alitaka kutoka nje, ila Mwalimu Davis alikuwa tayari amemshika bega.

"Tulia, nisaidie kuzungumza na bibi yako. Muulize, mwanawe atarudi lini kutoka Ufaransa?"

Tulia akamtazama Bibi. "Bibi, mwalimu anasema hujambo. Anauliza kama umeiona baridi ya huku."

"Mwambie sijambo. Baridi nimeiona, nayo imeniona."

Tulia akamgeukia mwalimu. "Anasema Baba atarudi kiangazi."

Keziah alikuwa amesimama hapo hapo. Akakunja uso. "Wewe Tulia, hakusema hivyo! Umekosea." Kisha, kwa nia njema kabisa, akamwendea Bibi. "Shikamoo, Bibi. Mwalimu anauliza, baba Tulia, yule mtoto wako, atarudi lini kutoka Ufaransa?"

"Marahaba, m—" Bibi akakwama. "Nani? Damas?"

Tulia akainamisha uso.

"Damas wangu?" Bibi alirudia taratibu. Akamtazama Tulia, na macho yake yakajaa machozi. Hakugomba. Aliivuta khanga yake mabegani, akaenda kuketi kwenye benchi la pembeni, mgongo umepinda kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Tulia akamfuata. Alikaa kando yake, asijue mikono aiweke wapi.

"Nilimzika mimi," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Nilitupa udongo kwa mkono huu. Leo nimesikia anarudi, na moyo wangu huu mjinga umeruka. Kwa kitambo kidogo tu, mjukuu wangu, lakini umeruka."

"Nisamehe, Bibi." Tulia alisema, sauti ikimkatika. "Mama alisema ametangulia. Nikasema hivyo. Wakaniuliza wapi, nikasema Ufaransa, kwenye jumba moja, akipanguza vumbi picha."

Bibi akapumua kwa nguvu. Alitazama ile picha ya familia. "Yule bwana wa mshumaa, walisema ana nini?"

"Walisema..." Tulia alisita. "Amekufa. Walimchora ili wasimsahau."

"Basi wale wamemweka mtu wao kati yao bila kumdanganya yeyote. Wa kwetu wewe umemweka wapi? Umemtupa kwenye nyumba ya watu asiowajua, akapanguze vumbi."

Tulia akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia uwanja wa ndege, Bibi amemkumbatia, wote wawili wanatikisika. Kilipopungua, Bibi alimfuta kamasi kwa ncha ya khanga.

"Ametangulia ni neno la kutufariji sisi wafiwa tunaojua kilichotokea," alisema. "Asiyejua mwambie lile lenyewe. Twende, nitakushika mkono."

Wakarudi pale darasa lilipokuwa. Mwalimu Davis alikuwa na wasiwasi usoni. Tulia akaubana mkono wa Bibi, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Baba yangu hayuko Ufaransa. Hakuwahi kufika huko. Alikufa. Niliwadanganya, naomba mnisamehe."

 Mwalimu Davis akapiga magoti mbele yake. "Asante kwa kuniambia," alisema. "Mimi nami niliuliza haraka mno." Kisha akainuka, akamshika Bibi mikono yote miwili, akaishikilia.

Keziah hakucheka. Alikuja mpaka karibu kabisa, akiangalia viatu vyake. "Pole, Tulia," alisema. "Pole sana."

Tulia hakuwahi kupewa pole na mtoto mwenzake. Neno lile dogo lilimwingia kama uji wa moto siku ya baridi.

Walipokuwa wakingojea basi, Bibi alimfunga skafu vizuri shingoni. "Umeona, mjukuu wangu? Ulipokuwa ukidanganya, hakuna aliyekuonea huruma, kwa kuwa hawakujua una msiba. Uongo ulikufanya uomboleze peke yako. Mtu akisema ukweli wake, hata uwe mchungu namna gani, watu wanapata mahali pa kumshika."

"Ndiyo, Bibi. Jioni nitamwambia Mama."

"Utamwambia. Nami nitakuwepo."

Ndani ya basi Keziah alikaa naye kiti kimoja. 

"Alikuwa mtu wa aina gani?" akauliza. "Babako. Yule wa kweli."

Tulia alifikiri. "Alikuwa anaimba akiondoa theluji mlangoni. Anaimba vibaya sana. Majirani walikuwa wanafunga madirisha."

"Aki! Aliimba nini?"

Tulia akafuta macho kwa kiganja cha glavu, akaanza kusimulia.