Sura Iliyoondoka Ukutani

Bango lilikuwa limekwenda. Juu ya mlango wa saluni, pale palipokuwa na uso wa mwanamke, ulibaki mraba wa rangi ya krimu, safi kama siku ukuta ulipopakwa. Sehemu nyingine yote ya ukuta ilikuwa imepigwa na jua na moshi wa magari mpaka ikawa kahawia.

Inspekta alisimama ng'ambo ya barabara akautazama mraba ule. Aliitwa kuchunguza wizi, lakini kwa muda hakuchunguza kitu. Aliduwaa tu, kama mtu aliyerudi kwao akakuta nyumba haina mlango.

Alianzia kazi barabara hii, kijana wa doria, buti mpya zikimchubua vidole. Katika mji ambao hakumjua mtu, wa kwanza kumchekea alikuwa mwanamke wa bango. Akienda zamu, anachekewa. Akirudi hoi, anachekewa. Alipopata mchumba alimleta asukwe hapahapa, akamngojea nje, chini ya uso ule, mpaka miguu ikafa ganzi. Mchumba akawa mke, mke sasa ni marehemu, na bango likaendelea kucheka.

"Afande, njoo uone!" Koplo alikuwa juu ya ngazi na brashi yake ya unga wa kuchukulia alama za vidole. Msichana mwenye mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi. "Hakuvunja kitu. Boliti nne, zote zimefunguliwa kwa spana. Na zilikuwa zimeshika kutu hasa."

"Alama za vidole?"

"Hamna. Alivaa glavu. Ila alizilowesha boliti kwa mafuta, kutu ilainike."

"Mafuta ya mashine?"

Koplo alinusa. "Ya nywele. Yananukia waridi."

Dirishani palikuwa na kifuniko cha kopo. Ndani yake, boliti nne na nati zake, zimepangwa kama vijiko vya wageni.

"Mwizi gani huyu anayetupangia nati?" Inspekta aliuliza.

"Mwizi aliyelelewa vizuri, afande."

Ndani, msusi mwenye saluni aliwapa viti. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, macho mekundu kwa kulia. Kila alipoongea alipeleka vidole mdomoni, kama anayeficha jino bovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Bango uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jana mchana lilikuwepo. Jumatatu tunafunga mapema, nikaenda darasani. Niliporudi jioni, ukuta mtupu."

"Darasa la nini?"

"La kutangaza biashara mtandaoni. La wanaoanza."

"Na biashara inahitaji darasa?"

"Mzee, kabla ya darasa nilikuwa karibu kuifunga hii saluni. Siku nzima wateja wawili, na mmoja kaingia kukimbia mvua." Alijaribu kucheka, akauziba mdomo. "Mama alifariki nikiwa mtoto wa kubebwa. Saluni ikakodishwa, ikanirudia nilipojua kusuka. Nilirithi jina na lile bango. Mwalimu wetu akasema, ukianza, tafuta sura moja watu wakukumbuke nayo, uiweke kila mahali, usiibadilishebadilishe. Nikapiga picha bango. Yule ni mama yangu. Likawa ndiyo sura ya ukurasa."

"Ikasaidia?"

"Watu walianza kuja kupiga picha chini yake. Sasa mtu akishapiga picha mlangoni kwako anaona haya kuondoka bila kusukwa." Machozi yakarudi. "Jumamosi nimewaalika wote. Nimetangaza bango litapakwa upya na tutalizindua. Wakikuta ukuta mtupu, nimekwisha, mzee. Hapa nafunga."

Inspekta aliomba simu ya Koplo auone ukurasa. Akautelezesha kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima joto la chai.

"Afande, usibonyeze hapo!" Koplo aliruka.

"Nimefanya nini?"

"Umeupenda. Umebonyeza moyo. Sasa mji mzima unaona polisi ameupenda ukurasa wa mlalamikaji."

"Basi utoe huo moyo."

"Uache, mzee," Msusi alisema. "Nahitaji kila moyo."

Inspekta aliitazama picha. Uso ni uleule, kichwa kimeinama upande uleule, mdomo umefunguka kwa kicheko. Lakini umelainishwa kama yai lililomenywa, na kitu kilimkwaruza rohoni. Alikuwa akiangaliwa na mtu aliyemzoea, na mtu huyo hakumtambua. Alirudisha simu bila kujua kimepungua nini.

"Uliirekebisha?"

"Kidogo. Bati lenyewe la zamani, rangi imebanduka. Nikatumia filta, nikaziba palipobanduka. Na fundi mpya wa matangazo alikuwa apake bango lifanane na picha hii."

"Kwa nini si yule aliyelichora?"

"Mzee Brashi? Mikono yake siku hizi... Nilimficha jambo hili. Sikutaka aumie."

Inspekta alitikisa kichwa. "Mtandaoni kuna aliyelichukia tangazo lako?"

"Mmoja. Anajiita Mpita Njia. Hana picha, hana rafiki. Kila nikiposti ule uso anaandika, 'Huyu siye.' Basi. Nikimuuliza wewe nani, kimya. Mwalimu alituambia watu wa namna hiyo usibishane nao, wafungie nje. Nikamfungia."

"Lini?"

"Ijumaa. Siku ileile niliyotangaza kupaka bango."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Aliingia mzee mrefu mkimya, na birika na vikombe kwenye sinia. Aliviweka mezani kwa mpangilio, mishikio yote upande mmoja.

"Baba yangu," Msusi alisema. "Anakaa chumba cha uani. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani."

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema. "Pole kwa lililotokea."

"Marahaba." Mzee alimimina chai. Hakuuliza chochote, akatoka.

"Usimwone hivyo," Msusi alinong'ona. "Mama akitajwa tu, anatoka. Tangu nipate akili hajanisimulia hata kisa kimoja chake. Nina picha mbili, na zote mama kafumba mdomo kama anapigwa picha ya kitambulisho."

Ng'ambo ya barabara, fundi viatu hakuhitaji kubembelezwa.

"Nimemwona? Afande, mimi ndiye niliyemshikia ngazi!"

"Ulimshikia mwizi ngazi?"

"Nitajuaje ni mwizi? Mchana kweupe, bango limetangazwa kwenye simu kwamba litapakwa. Akaja Mzee Brashi na ovaroli yake ya madoadoa, kofia mpaka kwenye nyusi, kitambaa cha vumbi mdomoni. Nikamwambia, karibu fundi. Hakujibu. Nikasema, leo Brashi ana kiburi, kapata kazi."

"Alielekea wapi?"

"Alijitwika bango mgongoni kama godoro, akazunguka kona."

"Kule kuna nini?"

"Kule? Ua wa nyuma wa saluni yenyewe, na njia ya kutokea."

Karakana ya Mzee Brashi ilinuka tapentaini na upweke. Herufi zilizochorwa nusu zilining'inia kila upande: kinyozi, vinywaji baridi, fundi redio. Wenye maduka wote sasa waliagiza mabango ya plastiki yanayotoka kwenye mashine yangali moto. Ukutani ilitundikwa ovaroli ya madoadoa. Imefuliwa, bado mbichi.

Koplo aliinusa sehemu ya mkono. "Waridi," alisema.

Mzee Brashi alikaa kwenye kopo la rangi, mikono kaifungia makwapani.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nililichora, nimelichukua. Nifungeni."

"Kwa nini?"

"Walitaka kumharibu."

"Liko wapi?"

"Nimelitupa."

"Kitu usichotaka kiharibiwe, ukakitupa?"

Mzee alizidi kuibana mikono makwapani.

"Nisimulie ulivyomchora," Inspekta alisema taratibu, akavuta kopo jingine akakaa. "Mimi nilimjua kwa bango tu. Alinipokea mjini hapa."

Mzee alimtazama, akaona si mtego, au ni mtego asioujali.

"Alikuwa na mwanya," alisema. "Hapa mbele, mpana. Watu walimwambia ni uzuri, yeye hakusadiki. Kila picha anafumba. Siku ya kumchora nilihangaika mpaka jua likanipiga kichwani, mwanamke kafumba tu. Ndipo mumewe akageuza ndoo, akakaa nyuma yangu, akaanza vituko vyake. Alikuwa na maneno yule bwana! Akamwigiza meneja wa kiwanda akifukuzwa na bata. Mke akacheka, akajisahau. Nikauwahi ule mwanya kwa brashi nyembamba. Hakuna mahali pengine duniani ulipobaki."

Inspekta alihisi kitu kikikaa mahali pake. Mwanya. Ndicho kilichopungua kwenye simu. Mstari mdogo mweusi kati ya meno meupe, ule uliomfanya kijana wa doria aamini kwamba anachekewa na mtu, wala si na rangi.

Alitoa mfukoni kile kifuniko cha kopo na nati zake, akakiweka sakafuni. Akachukua nati moja akampa mzee.

"Nipangie humo."

Mzee Brashi aliipokea. Mkono ulitetemeka kama jani kwenye mfereji. Akajaribu, akasaidia na mkono wa pili. Nati ilidondoka, ikaviringika mpaka kwenye buti la Koplo.

"Afande," mzee alisema, sauti imeshuka. "Yule bwana ni rafiki yangu. Alikuja kuazima nguo tu."

Chumba cha uani kilikuwa na kitanda cha watu wawili, kimelaliwa upande mmoja. Spana zilipangwa kwenye rafu kutoka ndogo hadi kubwa. Bango lilisimamishwa kwenye upande mtupu wa kitanda, limefunikwa shuka.

Inspekta hakulifunua. Alimwachia mwenyewe.

"Baba?" Msusi alishika mwimo wa mlango. "Baba, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Boliti ulizilowesha lini?" Inspekta aliuliza.

"Jumapili. Kwa mafuta ya nywele ya saluni, ndiyo yaliyokuwa karibu. Jumatatu nikazifungua."

"Kwa nini, mzee?"

Baba aliliondoa shuka. Yule mwanamke akawachekea wote wanne, jua lote la miaka likiwa usoni pake.

"Kesho angekuja kijana na kopo la rangi nyeupe," alisema. "Angeuziba. Ungeniona nakaa hapa nazibiwa mke wangu?"

"Kuziba nini?" Msusi alisogea.

"Mwanya wa mama yako."

Msusi aliinama mbele ya bango. Alipitisha ukucha kati ya yale meno mawili, kama anayetafuta ukingo wa rangi iliyobanduka. Hakuupata. Palikuwa laini, pamepakwa.

"Nilidhani ni pengo la rangi," alisema. "Baba, wallahi nilidhani rangi imetoka. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Fundi viatu alinifungulia hicho kitu cha kwenye simu. Kukuambia kwa mdomo siwezi, nikianza kumtaja sauti inakatika. Nikasema labda kuandika nitaweza." Mzee alitazama mikono yake. "Maneno mawili tu ndiyo yaliyotoka. Nikawa nayarudia hayohayo. Halafu Ijumaa nikafungua, nikakuta umenifungia mlango."

Koplo alifunga daftari lake.

"Mpita Njia," Msusi alisema.

"Nilipita mbele yako kila siku na sinia la chai, mwanangu. Nikaona jina linanifaa."

Msusi alishusha mkono kutoka mdomoni. Alikuwa analia, na katika kulia akaanza kucheka, kwa haya na kwa uchungu pamoja, mdomo wazi. Inspekta akauona. Mpana, mbele, mahali palepale.

"Mimi nilidhani ni kasoro yangu peke yangu," alisema. "Shuleni walinicheka mpaka nikasahau kucheka. Na mwenyewe yuko juu ya mlango wangu!"

"Umeuchukua wote," baba yake alisema. "Hukumwachia hata kidogo." Na sauti yake haikukatika.

Inspekta alikohoa. "Mlalamikaji. Unaendelea na mashtaka?"

"Mashtaka gani, mzee? Bango halijatoka nyumbani."

"Basi Koplo, tuondoke. Tumekosa mwizi."

"Na chai tumekunywa," Koplo alisema.

Jumamosi Inspekta hakuwa zamu, lakini alipita. Watu walijaa mpaka barabarani. Mzee mrefu alikuwa juu ya ngazi akikaza boliti ya mwisho, na chini yake Mzee Brashi akimfokea, "Panda kushoto! Kushoto, bwana, hujui hata kushoto kwako!" Mzee wa juu akamjibu kitu, watu wakaangua kicheko. Inspekta hakukisikia, lakini aliona maneno yamemrudia yule bwana.

Hakuna tone la rangi mpya lililoongezwa.

Jioni, nyumbani kwake, alitoa simu ambayo Koplo alimfundisha kuifungua. Ukurasa wa saluni ulikuwa na picha mpya. Msusi amesimama chini ya bango, mikono yote kiunoni, anacheka mdomo wazi. Nyuso mbili, mwanya mmoja. Chini yake maoni yalikuwa mengi, na la kwanza kabisa lilikuwa la Mpita Njia:

"Huyu ndiye."

Inspekta aliutafuta ule moyo kwa kidole kimoja. Akaubonyeza, safari hii kwa makusudi. Kisha akakaa akiiangalia picha mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe, na hata ulipozimika alijua bado anachekewa.