Wenyewe Hawapo

Mambo yalianza na birika. Asubuhi ile Jokha alitaka kuchemsha maji, akakuta buibui amefunga utando kwenye mdomo wa birika, utando mkavu wenye vumbi, na jana yake tu alikuwa amelitumia birika hilohilo. Akaupangusa kwa kidole. Jikoni kulikuwa na harufu iliyomchukua muda kuitambua: harufu ya nyumba iliyofungwa, ile inayokupokea ukirudi safari.

Wala hakuwa amesafiri. Alisema tu kwamba kasafiri, na aibu yote ilikuwa hapo.

Kiangazi kile cha 2009 homa ya nguruwe ilikuwa imetapakaa Birmingham. Katika Wazanzibari wa pale, wa kwanza kuugua alikuwa Asmahan wa mtaa wa Stechford. Akina mama walipokutana kumenya vitunguu vya harusi, Jokha akamsema mbele ya wote: "Homa ya nguruwe imeingiaje nyumba ya Kiislamu? Kwani mwenzetu anapika nini?" Walicheka mpaka wakafuta machozi, wakasingizia vitunguu. Asmahan hakuonekana tena shughulini.

Basi homa hiyo ilipoingia kwake Jokha, Hodge Hill, ikamlaza bintiye Raisa, uso ulimshuka. Mumewe alikuwa Unguja kumzika mamake. Jokha akawapigia simu wenzake mmoja mmoja kwa sauti changamfu, akawaambia anampeleka mtoto Leicester, nyumba inabaki tupu. Kisha akafunga mapazia. Alipopiga simu kwenye namba ya wagonjwa aliambiwa dawa ipo, ila amtume rafiki aliye mzima akaichukue kwa kitambulisho cha mgonjwa, yeye asitoke na homa nyumbani. Rafiki yupi, na yeye yuko Leicester? Akakata simu, na mtoto akaendelea kuungua.

Nyumba nayo ikayashika maneno yake.

"Mama," Raisa alinong'ona, kwa Kiingereza kama kawaida yake, "nani yuko chini?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Lala."

"Anafunga milango."

Jokha akashuka. Nje jua la jioni lilikuwa bado kali, watoto wa jirani wakicheza mpira, lakini sebuleni kulikuwa na giza la mapazia, na viti vyote vilikuwa vimefunikwa shuka nyeupe, pembe zimekunjwa vizuri, kama mama yake alivyozoea kufanya familia ikisafiri. Friji imezimwa, mlango wake umeachwa wazi. Akasikia hatua juu ya kichwa chake. Akapanda ngazi mbio, na kila alipokanyaga kuna mguu uliokanyaga mbele yake, taratibu, mguu wa mtu asiye na haraka kwa sababu yuko kwake, na harufu ile ya vumbi ikazidi, na alipousukuma mlango wa chumbani akaona kitanda kimefunikwa shuka nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, pembe zimekunjwa vizuri, na chini ya shuka mwanawe anahema kwa shida.

Akaing'oa shuka, akamkumbatia mtoto, akampigia Maalim Hafidh, mwalimu wa chuo cha Kurani anayesomea watu. Alimweleza kwa kunong'ona.

"Nani kampa nyumba?" Maalim akauliza.

Jokha akautazama mlango wa chumbani.

"Bi Jokha, majini hawa hukaa majumba matupu. Nani kasema yako haina watu?"

"Mimi," alisema, na uso ukamuwaka kuliko wa mgonjwa. "Nisomee, Maalim."

"Nitasoma. Lakini siwezi kumtoa mtu uliyemkaribisha mwenyewe. Fungua mlango, useme mpo, na useme mnaumwa nini."

Kabla hajajibu, mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi. Jokha?" Ilikuwa sauti ya Asmahan. "Nasikia mmesafiri, na shule hazijafungwa. Nimepita kuhakikisha."

Chini, nyuma ya mlango, sauti ikamjibu, changamfu, sauti ya Jokha mwenyewe, ileile ya kwenye simu.

"Wenyewe hawapo, bibi. Wamekwenda Leicester."

Jokha alishukuru. Hili hakupata kumwambia mtu hata mmoja: kwa muda wa pumzi mbili, mtoto akiungua kifuani pake, alishukuru kwamba kuna aliyemjibia. Ndipo aliposikia viatu vya Asmahan vinaondoka, akajiona alivyo, akashuka ngazi akipita katikati ya baridi iliyosimama mlangoni, akafungua.

"Tupo," alisema. "Raisa ana homa ya nguruwe. Na mimi ndiye niliyekucheka."

Asmahan alinyoosha mkono.

"Nipe pasipoti ya mtoto, nikakuchukulie dawa," akasema. "Na ufungue madirisha, nyumba inanuka."

Simu iliachwa ngazini, Maalim akisoma humo, na shuka za sebuleni zikateleza zenyewe mpaka chini.

Raisa alipopona, Jokha alioka mkate wa kumimina akaupeleka Stechford. Walikula pamoja.

"Siku ile ulinijibu hampo," Asmahan akasema.

"Si mimi."

"Jokha. Sauti yako naijua."

Walipotoka kusindikizana, walipita nyumba ya mwenzao mmoja, mmoja wa waliocheka siku ile ya vitunguu. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana mweupe.

"Kasafiri," Jokha akasema. "Nasikia yuko London na watoto."

"Baada ya mzaha wako," Asmahan akajibu, "nani atasema anaumwa?"

Jokha akaufuata mlango, akagonga. Ndani, hatua zikashuka ngazi bila haraka, zikasimama.

"Wenyewe hawapo, bibi," sauti ileile ikasema, changamfu. "Wamekwenda London."

Asmahan akageuka kuutazama mdomo wa Jokha. Ulikuwa umefumba.