Simenti ya Dirisha la Nyuma

Harufu ilikuwa ya bisi. Si harufu mbaya, ndiyo maana hakuna aliyeitilia maanani. Mke wa Nyoosha aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akanusa, akajiuliza nani anakaanga bisi asubuhi yote hii, kisha akaendelea kushona. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mumewe, na mumewe alikuwa uani akigonga nondo. Jikoni hakukuwa na moto.

Nyoosha ni jina la utani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na walimwita hivyo kwa sababu hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Ukimkaribisha kwako, atanyoosha kwanza picha ya ukutani ndipo asalimie. Kazi yake safi, hilo hata wabaya wake wanakubali. Ukaidi wake, tuuache tu. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita "jirani", kwa kuwa kabla ya kuoana walikuwa wapangaji wa vyumba vilivyopakana, na utani ule haukuisha hata baada ya ndoa.

Siku zile mtaa mzima ulikuwa na habari moja, chui. Nyumba za mwisho zimepakana na shamba la mikaratusi, na kila wiki alitokea mtu wa kuapa kwamba amemwona. Muuza maziwa alimwona kwenye zizi. Nesi anayekaa mkabala na Nyoosha alimwona akivuka barabara, na vitoto viwili nyuma yake. Wengine wakasema ni uongo mtupu, wakagombana hadi watu na shemeji zao wakanuniana. Ndipo akaja Afisa wa wanyamapori na futi yake ya kupimia, akainama hapa, akainama pale.

"Hakuna chui," akatangaza. "Wa mwisho aliuawa babu zenu wakiwa watoto. Mnachoona ni paka mnene, mkiongeza na woga wenu."

"Basi mwambie huyo paka anirudishie ndama wangu," muuza maziwa akamjibu.

Wahenga walishasema, lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nyoosha hakuwa upande wowote. Yeye alikuwa na kazi, maana walioamini na wasioamini wote walitaka grili za madirisha. Nyumba yake ikawa ya mwisho, na dirisha la mwisho likawa la nyuma, linalotazama mikaratusi. Alasiri moja alipaka simenti mbichi kwenye kizingiti cha dirisha lile, akailainisha mpaka ikang'aa, akaenda kunywa chai wakati grili ikisubiri imeegemezwa ukutani.

Aliporudi alikuta nyayo. Za mviringo, pana kuliko kisosi cha kikombe chake, zimezama kwenye simenti moja mbele ya nyingine. Zote zilielekea ndani.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mtu mwenye akili angemwita Afisa, kwa sababu ule ndio ushahidi uliotafutwa na mtaa mzima. Nyoosha alichokiona ni kazi yake iliyoharibiwa. Akamtukana paka wa watu, akachukua mwiko, akasawazisha simenti mpaka pakawa laini kama hakupita kitu. Halafu akasimika grili, akafunga dirisha la chuma, akapiga komeo. Hakumwambia hata mkewe.

Sasa ndipo ilipoanza ile harufu ya bisi. Paka wao, mzee mnene aliyezoea kulala juu ya vitambaa vya wateja, aligoma kuingia ndani. Alikaa juu ya ukuta wa ua akiitazama nyumba na kulia.

"Mwite basi," mke akasema.

"Nimemwita. Ananitazama utadhani hanijui."

Jioni wakasikia msumeno. Mtu anapasua mbao, taratibu, mbele na nyuma, kisha ananyamaza. Nyoosha alitoka uani, akakuta kimya. Akarudi ndani, akausikia tena, na sasa akajua unatoka darini. Alipanda na tochi, akakuta vumbi ambalo halijaguswa na mtu tangu nyumba iezekwe.

Kesho yake alikuwa anapita sebuleni mkewe alipomwita kwa sauti ya chini, bila kuondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani.

"Jirani. Usije karibu. Chini yangu hapa kuna kitu kinapumua."

"Ni cherehani hiyo. Inataka mafuta."

"Nikiisimamisha nacho kinanyamaza. Nikiendesha, kinaendelea. Nimechoka mguu, jirani, na naogopa kuacha."

Nyoosha aliinama. Hakuona kitu, lakini alipoweka kiganja sakafuni palikuwa na joto, joto la mahali alipolala mnyama akaondoka sasa hivi. Akamshika mkewe mkono, akamwambia twende nje ukapunge hewa. Walifika mlangoni pamoja, yeye akavuka, na mkewe akabaki. Hakushikwa na mtu, hakujikwaa. Miguu ilifika kwenye kizingiti ikakataa, na Nyoosha alipomvuta, mke alipiga ukelele wa maumivu ambao hajawahi kuusikia kwake, akaanguka chali ndani, na mgongoni mwake, chini ya gauni ambalo halikuchanika, palikuwa na michirizi minne ya damu.

Tangu siku ile hakutoka. Walijaribu mlango wa mbele, wakajaribu wa uani. Wakangoja jua kali, wakangoja mvua. Kila mara ilikuwa vilevile, na kila mara alizidi kukonda, akawa anakula nyama tu, akawa anasikiliza vitu ambavyo Nyoosha havisikii, na Nyoosha, aliyewahi kujisifu kwamba nyumba yake haiingiliki, alikaa kwenye kiti akizitazama grili zake mwenyewe kila upande na kuona kwa mara ya kwanza kwamba chuma hakijui kipi ni ndani na kipi ni nje.

Nje nako kulikuwa na mambo yake. Nesi alimwita kutoka ng'ambo ya barabara, mchana kweupe.

"Fundi, vile vitoto viko uani kwako. Vinaizunguka nyumba, vinalia. Niiteni mwongo kama mlivyozoea, lakini viko."

Afisa akaja na futi yake, akatafuta, akasimama. "Nyayo hakuna. Hivyo vitoto vinatembea hewani?"

Ndani, mke wa Nyoosha alikuwa amelala amegeukia ukuta. Alisema kwa sauti nzito, ya kooni, isiyo yake, "Wanangu wako nje." Na wale wawili hawakuwa na mtoto.

Nyoosha alilia siku ile. Alipanga kuzeeka na mwanamke yule, hakuwa na mpango mwingine wowote maishani. Ukaidi ukamtoka, akaenda kumtafuta Mama Godoro.

Mama Godoro alikuwa mshonaji wa magodoro na mtoa majini, na alilalamika magoti njia nzima kuhusu kazi zote mbili. Alipoingia hakutazama mgonjwa. Alinusa, kisha akauliza, "Liliingilia wapi?"

"Sijui, mama."

"Unajua. Hili jini linatembea kwa mwili wa chui, linanuka bisi kama chui na kukoroma kama msumeno. Huja na kuondoka kwa njia moja, likikanyaga nyayo zake lenyewe. Kama halitoki, basi nyayo zake zimefutwa. Nani amefagia, nani amepaka?"

Nyoosha alitazama chini. Akasema habari ya simenti, na nyayo pana kuliko kisosi, na mwiko, na jinsi alivyosawazisha. Mkewe aligeuka kutoka ukutani akamtazama kwa macho yake mwenyewe, yale aliyoyazoea.

"Ulijua, jirani?" akauliza taratibu. "Siku zote hizi ulijua?"

"Nilidhani ni paka."

"Mwenye nyayo pana kuliko kisosi?"

 Mama Godoro akamwokoa kwa kumpa kazi.

"Kata grili ya dirisha hilo. Vunja kizingiti ulichokilainisha, upake simenti mpya. Jua likianza kushuka mkeo atatoka kwa dirisha, kwa mikono na miguu, nalo litatoka naye. Mimi nitamwongoza hadi mikaratusini, huko litamwachia. Kisha atarudi kwa dirisha lilelile, juu ya simenti ileile kabla haijakauka; ikikauka, njia yake imefungwa. Wataondoka wawili, atarudi mmoja. Milango ifungwe. Atakayebisha mlangoni, mwache abishe, hata akiwa ni mama yako mzazi. Umenielewa, au una kichwa cha nondo?"

"Nimekuelewa, mama."

Alikata grili kwa grinda, akavunja, akapaka. Hata hapo bado alilainisha, hakuweza kujizuia. Jua liliposhuka mkewe alipanda dirishani. Viganja vyake vikazama kwenye simenti, kisha magoti, kisha vidole vya miguu, na Nyoosha akiwa amesimama nyuma yake aliona kando ya kila kiganja, bila kuona kinachokanyaga, duara pana likibonyea peke yake. Mke akaruka chini. Mama Godoro akatangulia bila kugeuka nyuma, akiimba kitu chembamba puani, na wakapotea kwenye miti.

Nyoosha alibaki na mwiko mkononi. Alisikia msumeno ukipasua mbao kule mbali, mbele na nyuma, ukizidi kufifia, kisha ukanyamaza, naye akaanza kuhesabu makosa yake, na alikuwa bado hajamaliza pale mlango wa mbele ulipogongwa, taratibu, kwa kifundo cha kidole kimoja.

"Mume wangu. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya mkewe, imechoka, imepona. 

"Limekwisha. Mama Godoro yuko nyuma na magoti yake. Nifungulie, nina baridi."

"Pita dirishani," Nyoosha akasema. "Ndivyo alivyoagiza."

"Najua. Lakini nikipita tena nitakuharibia simenti yako."

Akaitazama simenti. Zile alama za kutoka zilikwishamuuma jicho, na akili yake, ambayo ilipaswa kuwa kwa mkewe, ilikwishaanza kupanga jinsi ya kuzijaza. Tena iligusa moyo wake kwamba mtu aliyetoka kwenye mateso bado anafikiria kazi ya mumewe. Kikombe cha mwisho cha ukaidi kilikuwa bado kimebaki, akakinywa. Akafungua mlango.

Mkewe aliingia akitabasamu. Nyuma yake kitu kikapita chini, kikagusa mguu wa Nyoosha, manyoya ya baridi, na kingine kikafuata. Mwanamke hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la nyuma, akavuta dirisha la chuma, akapiga komeo. Nyoosha aliiona mikono yake kwenye komeo. Ilikuwa misafi. Hapakuwa na simenti hata kwenye kucha.

Mama Godoro alipofika hakuingia. Alisimama nje ya dirisha la nyuma, akasema kupitia chuma, "Naona za kutoka. Za kurudi ziko wapi?"

"Amepita mlangoni," Nyoosha akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

 Mama Godoro akakohoa.

"Nilikuwa nyuma yake njiani. Alikuwa anakuja hapa anakimbia, anakuita. Amelikuta dirisha limefungwa, akarudi kwenye miti." Mama Godoro alivuta pumzi. "Mimi natoa kilichoingia chenyewe, fundi. Kilichofunguliwa mlango na mwenye nyumba, sina dawa yake."

Akaondoka na magoti yake. Nyoosha akakimbilia mlango uliokuwa bado wazi, akafika kwenye kizingiti, na miguu ikakataa.

Hivi sasa chui haonekani tena. Afisa anatembea kifua mbele. Kinachogombaniwa mtaani ni kitu kingine, mwanamke. Muuza maziwa amemwona kwenye ukingo wa mikaratusi, miguu peku, mikono myeupe kwa simenti iliyokauka. Nesi amemwona pia, na anaapa kwamba ni mke wa fundi. Afisa alikwenda mwenyewe kuhakikisha, akachungulia kupitia grili ya dirisha la mbele, akamkuta mke wa fundi amehamishia cherehani chini ya dirisha la nyuma, anashona.

"Mnaona?" akasema. "Mtu yuko kwake."

Nyoosha alishika grili kwa mikono miwili. "Afisa, huyu si mke wangu."

"Wanaume wote husema hivyo, bwana, mwaka wa saba ukifika," Afisa akacheka, akaenda zake. Wateja nao wanasema fundi siku hizi hatoki, kanogewa na ndoa. Harufu ya bisi wanaisifia.

Jua likianza kushuka kila siku, kitu hukwaruza dirisha la nyuma kwa nje. Nyoosha husogea karibu anavyoweza, mpaka pale cherehani inapomzuia. Ana michirizi kifuani ya siku alipojaribu kusogea zaidi. Hana simenti ndani, wala mwiko. Mwanamke yule aliviondoa mapema.

"Jirani," sauti ya nje humwambia, ndogo, bila hasira. "Simenti imekauka, jirani. Nitapita wapi?"

Na cherehani husimama, ili mwanamke yule na vitoto vyake viwili wasikie Nyoosha atakavyojibu.