Kiti cha Kushoto

Kengele ya mkanda ililia Jumatatu asubuhi, Kalenga akiwa peke yake ndani ya gari. Alifunga wake, ikaendelea kulia. Taa nyekundu ilidai mkanda wa kiti cha kushoto, na kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Kalenga alikuwa mkemia, mtu wa kupima; akasema ni waya. Akaufunga mkanda juu ya kiti kile, kengele ikanyamaza.

Gari lake lilikuwa na usukani kulia, kama mengi yanayofika Kolwezi kupitia Zambia, ilhali Congo watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari kama hilo, akiwa nyuma ya lori, haoni mbele. Anayeketi kushoto ndiye anayechungulia na kumwambia: ngoja, au pita. Kwa miaka kumi na moja macho hayo yalikuwa ya Mwadi, mke wake. Agosti iliyopita, katika vumbi jekundu la njia ya Likasi, Mwadi alisema, "Pita." Kalenga akapita, na lori lingine likawajia uso kwa uso. Alizindukia hospitalini. Mwadi alikuwa amebaki kando ya barabara hadi jioni, amefunikwa kitenge cha mwanamke muuza makaa.

Ndugu walimwambia auze gari. Akabadilisha mlango wa kushoto, akaendelea kuliendesha.

Wiki ya pili, mafuta yaliyozoea kumfikisha Likasi yaliisha njiani. Gracien, fundi wake, alitoka chini ya gari akijifuta mikono.

"Moteur iko muzuri, tata Kalenga. Hakuna kuvuja. Unabebaka nini?"

"Mi peke yangu."

"Basi huyo peke yako iko na kilo mingi!" Gracien akacheka, kisha akamwona uso. "Pardon, tata."

Alhamisi, nyuma ya lori la shaba, harufu ya sabuni ya Mwadi ilijaa garini, na chini yake harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililofunguliwa sasa hivi. Mkanda wa kushoto ukakaza. Sauti ikanong'ona, "Ngoja." Kalenga akangoja. Basi likapita mbio upande wa pili. "Sasa pita."

Alipita, na tangu siku hiyo akawa anatoka mapema, anayatafuta malori, anapunguza mwendo ili ajiweke nyuma yao, akisubiri yale maneno mawili tu, kwa sababu hakuna pengine duniani ambapo angeweza kuyasikia, mpaka asubuhi moja sauti ilipomwambia pita, naye akapita, na pikipiki iliyowabeba baba na binti yake ikajitupa mtaroni ili isigongane naye.

Walitoka wazima. Kalenga alikwenda moja kwa moja kwa mzee Feruzi, msafirishaji wa zamani aliyekuwa akiyasomea magari dua, akamsimulia yote tangu ile kengele ya mkanda.

"Huyu haiko bibi yako," Feruzi alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini ya barabara. Ilichukua sauti yake pale alipoanguka. Inakupatia kweli kidogo kidogo, mpaka siku itakuua."

"Najua sauti ya bibi yangu."

"Sauti, ndiyo. Mi nitasoma, lakini kuishusha ni weye. Nani aliifunga mukanda?"

Adhuhuri walisimama mahali penyewe, pale Mwadi alipofia. Feruzi, kwenye kiti cha nyuma, alianza kusoma. Vioo vikafanya ukungu ingawa jua lilikuwa kali. Kalenga akazunguka, akafungua mlango wa kushoto, akafungua mkanda. Ulikuwa na joto la mwili.

"Tata," sauti ikasema, taratibu, "unaniacha kwa barabara tena?"

Kalenga akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Vumbi iko mingi huku. Batu banapita, banaangalia tu. Tata, mi sikuiona ile lori. Ulinikasirikia?"

"Hapana," alisema Kalenga. "Hata siku moja."

"Usimujibu!" Feruzi alinong'ona. "Mushushe!"

Ilikuwa sauti yake kwa kila kipimo alichokijua, na nyuma ya kila neno ilivuta pumzi kama kitu chenye njaa, na lori lilikuwa linakuja, na Kalenga hakuwa na jina lingine la kuiita.

"Shuka, Mwadi."

Kiti kilichokuwa kimebonyea kikainuka. Changarawe zikalia hatua tatu, kisha kimya.

Feruzi akapangusa jasho. "Imetoka. Nikuje mbele, nikuangalizie njia?"

Kalenga alikuwa bado ameushika mlango.

"Bakia nyuma, tata," alisema. "Leo tu."