Mzigo Unaosinzia

Kwa miaka kumi na miwili, dereva mmoja alibeba mchanga. Majirani walimwita Kifusi, naye aliitika bila kinyongo. Kila mchana, akisubiri lori lipakiwe, aliegemea usukani akaota ndoto ileile. Anaendesha basi la bluu, barabara haina mwisho, na nyuma yake watu wanacheka. Mchanga, jamani, haucheki hata uusimulie vituko.

Siku moja alirudi nyumbani mbiombio.

"Mama watoto! Shule ya binti yetu imenunua basi. Mwalimu mkuu anataka niliendeshe mimi, kuanzia Jumatatu!"

Mkewe alipiga vigelegele. Binti yao alikuwa akitembea saa nzima kwenda shule. Sasa angepanda basi la baba yake.

Jirani yao, mwanamke anayefundisha udereva, alikuja kuwapongeza. Kisha akauliza, "Shemeji, leseni yako ni ya daraja gani?"

"Ya lori! Mtu anayebeba tani kumi atashindwa na watoto thelathini?"

"Hebu niione." Aliigeuza kadi, akaonyesha kwa kidole. "Leseni za kazi hazifanani. Gari dogo la mizigo lina daraja lake. Lori kubwa lina lake. Ukifunga tela, ni daraja jingine. Na kubeba abiria ni jingine kabisa. Hilo huna, shemeji."

"Maneno ya ofisini hayo!" Kifusi alinuna.

Kesho yake jirani alimketisha nyuma katika basi la mafunzo, akampa bakuli la maji alishike.

"Sasa naendesha kama wewe na mchanga wako," alisema.

Alikata kona, akafunga breki. Maji yote yakamwagika mapajani mwa Kifusi. Lo!

"Mchanga ukirushwa hutulia. Mtoto huumia. Na ukipata ajali bila leseni ya abiria, bima inaweza kukataa kulipa."

Kifusi hakucheka. Alimwona binti yake kwenye kiti kile, akaogopa kweli.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema ukweli.

"Nakupa miezi miwili," mwalimu mkuu alijibu. "Ikipita, nitatafuta mwingine."

Basi Kifusi akarudi darasani, mtu mzima na ndevu zake. Alipimwa macho. Alijifunza kupakia na kushusha watoto kwa usalama. Kila jioni alifanya mazoezi na jirani, bakuli la maji likiwa kwenye kiti cha nyuma. Wiki ya saba bakuli lilifika limejaa. Wiki ya nane alifaulu mtihani, akapewa kadi mpya yenye daraja la abiria.

Siku ya kwanza, mchana, aliwarudisha watoto nyumbani. Jua lilikuwa laini, na basi lilikuwa la bluu kama katika ndoto. Lakini nyuma hakusikia kicheko. Alisimama mbele ya nyumba yake, akatazama kioo kwa wasiwasi.

Watoto wote walikuwa wamelala.

Binti yake alifumbua jicho moja.

"Baba, kwani bado hatujaondoka shuleni?"