Mlinzi Asiyeajiriwa

"Elfu tisini tumekupa, Kamati! Elfu tisini ya mlinzi, na mlinzi mwenyewe hujampa hata chai!"

Wino, fundi wa mashine ya kuchapa, alikuwa amesimama katikati ya mahema, sufuria mkononi, na sauti yake ilivuka ziwa, ikagonga mlima, ikarudi. Walikuwa watu wanane wa kiwanda kidogo cha uchapaji, wamekuja kupumzika siku tatu kando ya ziwa lile, juu kabisa ndani ya msitu wa hifadhi. Ilikuwa asubuhi ya kwanza. Watu hawajanawa uso, Wino keshapata ugomvi.

Kamati alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua kichwa polepole.

"Mlinzi gani?"

"Mlinzi gani! Jamani, msikieni shemeji yangu. Si huyo uliyemwajiri kwa pesa zetu? Nimetoka saa nane kukojoa, nikamkuta kasimama ukingoni mwa maji, kanipa mgongo. Koti refu, linachuruzika utafikiri kalitoa kwenye beseni, na mvua hata tone. Nikamwambia, pole na baridi, mzee. Hakugeuka. Kasema, 'Sijalipwa.' Basi. Mimi nikaona aibu hata haja ikanipotea."

Watu wakacheka. Kamati hakucheka, kwa sababu hakuwa ameajiri mtu.

Zile elfu tisini, elfu thelathini kwa kila usiku, zilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa shati lake, zimefungwa kwa mpira, zinamgusa kifua kila akivuta pumzi. Miaka tisa alishika pesa za wenzake pale kiwandani, za misiba, za harusi, za wagonjwa, wala hakuna aliyewahi kudai senti iliyopotea. Ndiyo maana wakamwita Kamati. Safari hii alihangaika peke yake: kibali, gari, mahema ya kukodi, simu mia, na hakuna aliyemwambia ahsante. Alipofika kwenye fungu la mlinzi akajiambia, kule mlimani kuna mwizi gani? Hili ni jasho langu. Alilipamba kwa jina zuri hivyo ili aweze kulala. Ulikuwa wizi, na yeye alijua.

Sasa nyuso saba zilimtazama. Angeweza kusema palepale, "Jamani, sikuajiri mtu." Maneno matatu. Akaikaza kamba ya kiatu.

"Aa, huyo," akasema. "Ndiyo. Ni mtu wangu. Nitamlipa mwishoni, kazi ikiisha."

"Mlipe mapema, mwanangu," alisema Bi Gundi, mama mtu mzima anayeshona na kubandika vitabu pale kiwandani. "Nimemsikia usiku kucha anazunguka. Anagusa kamba za hema, moja moja, kama mtu anayehesabu." Akaonyesha chini. Nyasi zilikuwa zimelala, njia nyembamba iliyozunguka mahema yote manane, na ndani ya njia ile umande ulikuwa mweusi, unanuka tope la chini ya ziwa, tope ambalo halijawahi kuona jua.

Mchana ule Kamati alijisemea kuwa ni mzururaji, au mvuvi wa kuiba, anayebahatisha kibarua. Alicheka na wenzake, akala, akapigwa picha. Lakini hakukaribia maji.

Usiku alijilaza na viatu miguuni. Moto ulizimika. Vyura walikuwa wanalia upande wote wa ziwa, halafu wakanyamaza ghafla, na katika ukimya ule akasikia hatua, nzito, zenye maji ndani yake, zikianzia hema la mwisho. Kamba ikalia, ting. Hatua. Kamba ya pili. Alizihesabu bila kutaka, huku harufu ya tope ikipenya kwenye kitambaa cha hema na kumkaa ulimini kama kitu alichokiramba, na kila kamba ilipolia alimsikia aliyelala humo akishusha pumzi ndefu, ya raha, kama mtoto aliyefunikwa blanketi, mpaka zikapigwa saba, na hatua zikaja kusimama kichwani pake, na kamba yake haikuguswa.

"Bosi," ilisema sauti. Ilikuwa ya upole, na ilitoka chini, usawa wa sikio lake pale alipolala. "Usiku wa pili huu."

"Wewe nani?"

"Mlinzi wako."

"Mimi sikukuajiri."

"Ulisema ni mtu wako. Asubuhi, mbele ya watu. Nilikuwa nasubiri useme."

Kamati akazivuta zile pesa kifuani, akazisukuma nje kupitia upenyo wa zipu. "Chukua. Zote. Nenda zako."

Polepole, noti zikarudishwa ndani, zimelowa chepechepe, zimepangwa vizuri.

"Hizi si zako," ilisema sauti. "Nilipe chako."

Palipokucha alishuka mpaka lango la msitu, mwendo wa nusu siku, akasingizia anatafuta mtandao wa simu. Langoni alikuwepo askari wa misitu, mtu mkavu mwenye miwani iliyofungwa waya, anaandika kwenye daftari la wageni. Alipoulizwa kama ofisi ina mlinzi kule ziwani, aliweka kalamu chini.

"Hatujawahi kuwa naye. Kaka, nani anazunguka mahema yenu?"

Kamati akamweleza. Alimweleza yote, hata pesa. Ni rahisi kumwambia mgeni.

Askari akavua miwani. "Kule kuna mwenyewe, mwenye ziwa. Sisi tunamjua, hatumchokozi. Anaweza kuzungukia, lakini hamdai mtu asiyemwita, ndiyo shida yake, na ndiyo nafuu yako. Umesema ni mtu wako. Basi rudi, wakusanye wenzako wote, waambie kwa mdomo wako hukuajiri mtu, na pesa zao uziweke mikononi mwao. Hapo hana dai. Lakini ukisema nusu, ni heri usiseme kabisa."

"Leo hii hii?"

"Kabla hajalipwa. Akishapokea chochote kwa jina lako, mkataba umeshika. Mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Njia nzima ya kurudi Kamati alifanya mazoezi ya maneno. Jamani, nina jambo. Jamani, nimewakosea. Alifika jioni, wenzake wamezunguka moto, na kabla hajakaa Wino akamshika bega.

"Mnamwona huyu? Nimemgombeza jana, nimemwonea. Miaka tisa hajala hata senti ya mtu. Dada yake alipoolewa na mimi, nilisema moyoni, kwa nyumba yenye kaka wa namna hii siwezi kupata hasara. Nisamehe, shemeji."

"Mpe mkono basi, uache hotuba," alisema dada wa mapokezi wa kiwandani, na wote wakapiga makofi.

Mpige mtu kofi la uso, atasimama. Msifu kwa jambo alilolivunja jana, uone kama atabaki na magoti. Kamati alizitoa zile noti, bado zina unyevu, akaziweka mapajani mwa Bi Gundi. Nusu ya kazi akaifanya. Mdomo ukafunguka.

"Pesa zenu hizi," alisema. "Yule mlinzi... yule mlinzi amezikataa. Amesema atalinda bure."

Kule gizani, kitu kikapiga maji mara moja, pa! kama kiganja kikubwa. Watu wakageuka. Maji yakatulia.

"Samaki," alisema mkata karatasi, bila kuamini.

"Bure?" Wino alikuwa ameguswa hasa, macho yanang'aa. "Mzee wa watu alowe usiku kucha, bure? Haiwezekani. Asubuhi mimi mwenyewe nampelekea chai."

"Usiende," alisema Kamati.

"Kwa nini?"

Kwa nini! Lilikuwa swali jepesi, na jibu lilikuwepo. "Hapendi watu," akajibu. Wino akacheka, akasema basi atampenda yeye.

Usiku wa tatu Kamati aliapa hatalala. Alikaa mlangoni mwa hema lake, akilitazama hema la shemeji yake hatua kumi mbele, na alipanga kuwa kukipambazuka tu, kabla Wino hajawasha jiko, atamwamsha, atamwambia yeye kwanza, mtu na shemeji yake, halafu wengine. Na hatua hazikuja, wala kamba hazikulia, vyura waliimba kwa amani, ukungu ukapanda kutoka ziwani mweupe na mzito ukafunika mahema mpaka asione hata mikono yake mwenyewe, na katika weupe ule laini, usio na sauti, uliomshika kama mkono wa mama kwenye paji la uso, yule mtu mwenye kiapo akalala.

Alizinduliwa na dada wa mapokezi akimtikisa. Alikuwa ananong'ona.

"Kaka Kamati. Amka. Wino hayupo. Nimemsikia majini, anaongea na mtu."

"Lini?"

"Sasa hivi tu. Nilikuwa macho. Nimemsikia anasema, 'Karibu chai, mzee.' Yule mtu akamuuliza, 'Nani kakutuma?' Wino unamjua kwa utani, akamwambia, 'Bosi wako, Kamati. Kanituma nije nikulipe.'" Akaelekeza kidole ziwani. "Yule mtu akasema, 'Nimepokea.' Baada ya hapo sijasikia kitu. Hata maji sijasikia."

Kamati alikimbia peku. Ukingoni, juu ya jiwe bapa, kikombe kilikuwa kimesimama wima, kitupu, kimeoshwa. Nyayo za mtu mmoja zilikuwa zimeshuka kwenye mchanga mpaka majini, hatua za mtu asiye na haraka, anayetembea na rafiki. Ziwa lilikuwa angavu kiasi cha kuona mawe ya chini. Chini palikuwa na mawe tu.

Hapo Kamati alisema yote. Aliyasema amepiga magoti kwenye tope, kwa sauti iliyovuka ziwa na kurudi, mpaka mlima ukamsimulia yeye mwenyewe wizi wake. Hakuna aliyemtukana. Bi Gundi alizitoa zile elfu tisini kwenye kanga, akazitazama kama kitu kilichooza.

"Tungekusamehe," alisema. "Jana, hapa hapa motoni. Tungekucheka mpaka uchoke, tukakusamehe."

Askari wa misitu alikuja na wenzake, wakatafuta siku mbili kwa kamba na ndoana. Alipokuwa anaondoka alimpita Kamati bila kumtazama. "Amelipwa kwa jina lako," alisema tu. Polisi waliandika kuzama.

Nyumbani, dada yake, mke wa Wino, hakulia mbele yake. Alimsubiri kizingitini, mikono imekunjwa.

"Kaka, uliondoka naye. Yuko wapi?"

Alimweleza. Alipomaliza, dada yake akamuuliza tena, kwa sauti ileile, kana kwamba hajasema kitu. "Uliondoka naye. Yuko wapi?" Tangu siku hiyo kila akipita pale anaulizwa hivyo, na kila akiulizwa anajibu, na jibu halimfikii.

Siku ya tisa kiwanda kilifunguliwa. Kulikuwa na oda ya kalenda, wateja hawajui msiba. Mashine ya Wino ilikuwa imefunikwa turubai, aproni yake inaning'inia msumarini, ina alama za vidole vyeusi pale alipozoea kujifuta. Hakuna aliyetaka kuigusa. Kamati alikuwa kona ya stoo, humohumo karakanani, anahesabu rimu za karatasi, kazi yake ya kila siku, ila siku hizi akifika saba anaanza upya. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, barabarani muuza maji anapiga kengele.

Dada wa mapokezi akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.

"Kuna mtu," alinong'ona.

"Mteja?"

"Hataki kukaa. Sakafu yote imelowa." Akamshika mkono kwa nguvu. "Kaka Kamati, ile harufu. Na sauti ni ileile. Nimemwambia hupo. Kasema atasubiri, amezoea kusubiri."

Mkata karatasi alikuwa ameacha kisu chake juu. Bi Gundi alikuwa amesimama, brashi mkononi, gundi inadondoka kwenye kitabu cha mtu. Wote walikuwa wanatazama chini ya mlango, mahali ambapo maji meusi yalikuwa yanaingia polepole, bila haraka, yakiifuata sakafu, yakizipita rimu moja baada ya moja kama anayezihesabu, yakiupita mguu wa dada wa mapokezi na kuuzunguka, yakienda kwa Bi Gundi na kumzunguka naye, yakamfikia mkata karatasi, na kila yalipomzunguka mtu, mtu huyo alishusha pumzi ndefu, ya raha, mpaka Kamati akajua kwamba walikuwa wanalindwa, wote, hata sasa, na kwamba ulinzi huo ulikuwa unaandikwa juu yake.

"Bosi," ilisema sauti ya upole nyuma ya mlango. "Yule nilimpokea kwa usiku wa kwanza. Bado wa pili na wa tatu. Nilipe."